Transfoma ya mafuta: relei ya Buchholz au ya difarensha?

Relei (kifaa cha ulinzi) ya Buchholz hukaa kwenye bomba kati ya tangi kuu na tangi dogo la akiba. Hitilafu ndogo, tuseme mizunguko miwili ya koili imeanza kugusana, huchemsha mafuta na kutoa gesi. Gesi ikijikusanya, boya la juu hushuka na kengele hulia. Hitilafu kubwa husukuma mafuta kwa kasi, na swichi ya chini huzima transfoma.

Difarensha hulinganisha mikondo ya pande zote mbili na kukata umeme ndani ya makumi machache ya milisekunde tu. Kwa kasi hiyo Buchholz haiifikii. Ila hitilafu changa ya mizunguko michache huipita, kwa kuwa tofauti ya mkondo ni ndogo mno. Tena mkondo mkubwa wa kuwasha huwa na hamoniki ya 2 nyingi (wimbi la masafa mara mbili ya umeme wa kawaida); bila kizuizi kinachoitambua (kwa kawaida karibu asilimia 15), difarensha inaweza kukata unapowasha transfoma.

Buchholz nayo hudanganywa na hewa iliyobaki baada ya kujaza mafuta, itoe kwanza. Gesi iliyokusanyika ikijaribiwa na kuwaka moto, usirudishe umeme. Na bushi (kihami kinachopitisha waya kutoka kwenye tangi) ikipasuka nje ya tangi, kati ya hizi mbili ni difarensha pekee itakayoona.

Transfoma kubwa? Funga zote mbili.