Kolonya ya elfu kumi na tano na joto la Tanga: uzoefu wangu

Tanga ya kaskazi, Januari na Februari, saa nne asubuhi nguo imeshagandana na mgongo. Ukijipaka marashi mazito ya udi kwa hali hiyo, ni kama umejitwisha chetezo. Ndiyo maana Desemba niliingia duka moja la Ngamiani nikaomba kitu chepesi. Muuzaji akaniwekea chupa ya mililita 100: "Hii elfu kumi na tano, dada, ila si ya kwendea harusini."

Akanipulizia mkononi. Unaijua ile rasharasha inayoruka ukianza kumenya chungwa la Muheza, ganda bado kijani, kisu hakijagusa nyama? Ndiyo yenyewe. Nyuma yake kuna uchungu kidogo wa ganda la limau. Siku ya pili, ndani ya daladala, mama mmoja akageuka: "Nani anamenya chungwa humu?" Nikatazama dirishani kama simo.

Kudumu sasa. Kwangu saa mbili, tatu nikishinda kivulini. Waja leo waondoka leo! Nilidhani nimeuziwa maji, kumbe ndiyo asili ya kolonya tangu Farina, Mwitaliano aliyeiuza Köln, Ujerumani, katika karne ya 18: spiriti nyingi, mafuta machache, na harufu za jamii ya malimau huruka upesi kuliko udi au miski. Nimemimina kiasi kwenye kichupa cha mkobani, adhuhuri narudia.

Napulizia nguoni, kwenye kola na pindo la mtandio, shingoni hapana. Mafuta ya bergamoti (tunda la jamii ya malimau linalotiwa sana kwenye kolonya) yasiyosafishwa yanaweza kuacha madoa meusi kwenye ngozi inayopigwa jua, na boksi la hii halisemi ni yapi yaliyotumika. Na msiiweke dirishani. Chupa yangu ya kwanza niliiacha juu ya meza ya kioo, jua la asubuhi likiipiga kila siku; kufika Februari ikanuka tapentaini. Hilo ni kosa langu, nikanunua nyingine, hii inakaa kabatini.

Shangazi yangu, mtu wa udi na vikuba, aliinusa akacheka: "Hii ya kuogea, mwanangu?" Jumamosi tulikuwa na harusi Raskazone, nikamsikiliza, nikafukiza udi wake mpaka kwenye nywele. Jumatatu kazini nikarudi kwenye chungwa langu.