Moduli ya faiba kwenye ruta ya bodi moja: uliza wati kabla ya kasi

Ndugu watazamaji, karibuni tena kutoka Bukavu. Mezani leo kuna ruta ya bodi moja yenye matundu mawili ya SFP, yaani matundu ya kuchomeka moduli ndogo za mtandao, pamoja na moduli ya GPON (teknolojia ya intaneti ya faiba ya majumbani), ile inayoingia ndani ya tundu na kuchukua nafasi ya kisanduku cha faiba cha ukutani. Wengi huitaka ili betri ibebe kifaa kimoja badala ya viwili umeme unapokatika, na hiyo ni sababu nzuri kabisa.

Moduli za SFP hutumia volti 3.3, na kiwango kinaruhusu tofauti ya asilimia 5 tu, yaani zisishuke chini ya 3.135. Umeme huo hautoki moja kwa moja kwenye adapta, bali hupitia kidhibiti kidogo cha volti kilichomo kwenye bodi yenyewe. Ndiyo maana moduli inapozimika ovyo na ukashauriwa kununua adapta yenye ampea nyingi zaidi, mara nyingi pesa zako zinapotea bure, kwa kuwa kidhibiti kinabaki kilekile.

Sasa tazameni skrini. Tundu la kwanza lina moduli ya kawaida ya gigabiti 1, nami naisoma kwa ethtool -m, amri ya Linux inayoonyesha vipimo vya moduli: volti 3.29. Nachomeka ile ya GPON katika tundu la pili, na mara inapowaka, usomaji wa jirani yake unashuka hadi 3.15, karibu kabisa na kikomo cha 3.135, kwa kuwa zote mbili zinategemea kidhibiti kilekile. Moduli ya kawaida hutosheka na wati 1 au pungufu, ilhali hii ina prosesa yake ndani na hupita wati 1.5. Iguseni baada ya muda mfupi, mtahisi joto lake.

Linux nayo, mfumo unaoendesha ruta kama hii, bodi isipotangaza uwezo wake, huchukulia kwamba tundu linamudu miliwati 1,000 tu, yaani wati 1. Maelezo ya BPI-R3, bodi ya ruta ya Banana Pi, yanatangaza 3,000. Wapo wanaoipandisha namba hiyo wenyewe katika bodi nyingine, jambo ambalo silishauri hata kidogo, kwa sababu namba haizalishi umeme. Inaondoa kizuizi cha Linux tu.

Moduli hii ni nzuri, ila msiinunue kabla muuzaji hajawaonyesha wati zake kwa maandishi. Kwa mwenye bodi kama hii ya mezani, namshauri abaki na kisanduku cha nje, akilishe kwa waya wake wa volti 12.