Tiba ya mwanga kwa fizi ya jino la kupandikiza, nimeifanya

Jamani mwenye jino la kupandikiza asome hapa. Langu la chini kulia lilianza kutoa damu nikipiga mswaki, mara fizi ikavimba, ukiibonyeza usaha unatoka, eksirei ikaonyesha mfupa umeshaanza kulika pembeni ya skrubu inayoshikilia hilo jino. Kliniki moja hapa Dar wakanifanyia tiba ya mwanga. Kwanza nilipigwa ganzi daktari akakwangua uchafu wote chini ya fizi (hii hatua usikubali irukwe, mwanga peke yake hautoshi), akaingiza dawa ya bluu kwa sindano butu, akasubiri kidogo, akasuuza, halafu akachomeka kijiti chembamba cha leza nyekundu, urefu wa wimbi la mwanga wake nanomita 660 hivi, akawa anakizungusha pande zote. Ile rangi inashika kwenye bakteria, ikipigwa na mwanga inaamsha oksijeni kali inayowaua. Hata joto sikusikia! Ulimi tu ulibaki wa bluu mpaka jioni.

Sasa wiki ya tatu damu imekata, usaha hamna. Mfupa uliolika haujarudi, na daktari alinambia mapema kabisa, hilo nimemheshimu sana. Kilichoniudhi ni bei, nimetajiwa nikiwa nimeshakaa kwenye kiti. Ikifika miezi mitatu tangu tiba narudi kupimwa.