Tahadhari: anauza video za mikao zisizo zake hapa Dodoma

Wachoraji wenzangu wa Dodoma, na wote mnaochora vitabu vya watoto: kuna kaka anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba anarekodi video za mikao ya mwili na hisia za uso ili tuziangalie tunapochora. Msimpe hela. Mimi nilimpa shilingi 85,000.

Nilikuwa na kazi ya hadithi inayotokea Mvumi. Kuna ukurasa bibi anapeta uwele, na kupeta huwezi kukubuni kichwani. Viwiko vinakaa karibu na mbavu, vidole vinabana ukingo wa ungo, kisha kiganja kinapiga juu kidogo tu na makapi yanaondoka na upepo. Nilitaka nione kifundo cha mkono hatua kwa hatua. Akaniambia, "Dada yangu, huyo mama nitamrekodi Majengo, pande tatu, fremu 60 kwa sekunde." Fremu ni kila picha moja moja inayounda video. Tulikutana Nyerere Square, akanionyesha vipande viwili vizuri kwenye simu yake, na jioni ile nikatuma hela. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake. Akasema ni la mke wake, nami nikakubali.

Mzigo ulikuja baada ya siku nane. Mama anapeta kweli, lakini picha imekatwa chini ya viwiko. Ungo hauonekani, vidole havionekani. Nilipoikuza nikaona sababu: kwenye ukingo wa chini kuna vichwa vya herufi, mabaki ya alama ya mwenye video. Amekata sehemu ya chini ili kuificha, na nilichokuwa nakihitaji kilikuwa humo humo. Nikaipitia fremu moja moja. Ya kwanza imerudiwa mara 2, inayofuata mara 3, halafu 2, halafu 3. Video ya fremu 24 kwa sekunde ikilazimishwa kuwa 60 ndivyo inavyokuwa. Mwendo hauongezeki hata kidogo.

Video za hisia za uso alirekodi mwenyewe, na hizo ndizo zinaniuma zaidi. Kijana anayecheka, kukasirika na kulia humo namfahamu kwa sura, anasukuma toroli sokoni. Nilimfuata. Aliambiwa ni majaribio ya tangazo, akaahidiwa 20,000, hadi leo hajalipwa. Hakujua kabisa kwamba uso wake unauzwa. Nilipomwonyesha kipande anacholia alinyamaza muda mrefu, akaniuliza ni watu wangapi wanacho. Sikuwa na jibu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Tafadhali msinunue video ya mtu bila kuona ridhaa yake ya maandishi, na kama ni mtoto, ya mzazi au mlezi.

Mtu akikuuzia huduma hii, kabla ya kulipa mwombe kipande cha sekunde kumi cha agizo lako: mtu wake ainue vidole vitatu, kisha ashike sikio la kushoto. Aliyeiba hawezi kukitoa. Kwa sasa mimi najirekodia. Simu mbili, moja mbele na moja ubavuni, asubuhi mapema, maana jua letu la saa sita linajaza kivuli machoni na hisia zote zinapotea. Kwa mwendo wa kawaida, kutembea au kupanda ngazi, picha za mwendo za mpiga picha wa zamani Eadweard Muybridge, za 1887, hazina tena hakimiliki. Za kupeta humo hamna, hizo nenda kamwombe shangazi na umlipe.

Nilipomdai alinibloki. Nimeripoti polisi na nina RB, na namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kama nawe umeuziwa hiyo video ya mama anayepeta, wa kitenge cha njano, ambaye mikono yake imekatwa kwenye picha, usifute ujumbe wa muamala. Peleka polisi pamoja na video yenyewe, hata kama ulilipa elfu tano.