Taa ya lux 10,000 kwa mama mwenye Alzheimer: nyota tatu

Niliinunua Desemba kwa dola 70, hapa Minneapolis, ambako mwezi huo ikifika saa kumi na moja jioni jua lishazama. Mama ana Alzheimer. Mchana kutwa alikuwa akisinzia kwenye kochi, halafu saa nane za usiku namkuta mlangoni, kajitanda leso, mkoba kwapani, ataka kurudi Mombasa.

Daktari alinieleza kuwa ugonjwa huu hauli kumbukumbu peke yake. Unakula pia kile kifungu kidogo cha seli za ubongo kinachoongoza saa ya mwili, na saa hiyo hujirekebisha kwa mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Kwetu mama alikuwa akiamka na kufagia ua, na jua la nje laweza kufika lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Sebuleni kwangu hazifiki 300. Akampima macho kwanza, ndipo akaniruhusu kujaribu taa.

Sasa taa yenyewe. Boksi limeandikwa "lux 10,000" kwa maandishi makubwa. Pembeni, kwa herufi za sisimizi, ni kwa umbali wa sentimita 15. Nani atakaa nusu saa na taa puani? Nilipima kwa programu ya simu: umbali wa mkono mmoja, hazikufika 2,000. Hilo liliniuma, maana anayenunua kitu hiki ni mtu aliyekesha miezi. Kitako nacho ni chepesi, imeshaanguka mara mbili. Na swichi ni ya kugusa. Mama akipitisha kidole tu, inafifia.

Wiki ya kwanza aliigeuza ikatazama ukuta. Nikabadilisha mbinu: saa mbili asubuhi, baada ya chai, nampa uteo wa mchele achambue, taa naisogeza karibu, kwa upande. Mchele wa huku hauna mawe wala chuya, basi namchanganyia choroko kidogo. Huinama, azitoe moja moja, azipange ukingoni mwa uteo. Dakika 40 zapita hajainuka.

Wiki ya nne alianza kulala hadi saa kumi alfajiri, usiku nne kati ya saba. Kumbukumbu haijarudi, bado aniita kwa jina la dadake. Lakini mimi nalala.

Ningenunua tena, ila si hii. Uliza kwanza lux zimepimwa kwa umbali gani, na chukua yenye kitako kizito na swichi ya kubonyeza.