"Mbona?" Yangu Imehama Sentensi: Uchambuzi wa Programu za Kusomea na Kuandikia kwenye Vishikwambi vya Wino wa Kielektroniki

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kabla sijasema lolote kuhusu kishikwambi hiki cha wino wa kielektroniki, yaani chenye skrini inayofanana na karatasi, naomba mtazame kidole changu kilipo. Hii ni aya ya tatu ya sura ya pili, na kando yake, pambizoni, nimeandika kwa kalamu neno moja, "Mbona?", kwa sababu mwandishi ametoa dai zito bila kulithibitisha. Mwandiko wangu si wa kujivunia, lakini unasomeka, na mshale niliouchora unaielekea sentensi yenyewe. Sasa nafungua menyu ya fonti, naongeza ukubwa wa herufi hatua moja tu, kisha nafunga menyu. Angalieni. Aya ya tatu imeshukia ukurasa unaofuata, ilhali neno langu limebaki palepale, na mshale wake unaichoma sentensi isiyo na hatia yoyote.

Nimekitumia kifaa hiki kwa wiki sita. Sifa za skrini nitaziruka, kwa kuwa kila mtu ameshazisikia: nukta 300 kwa inchi, betri inayodumu, kalamu isiyochajiwa, na macho yasiyochoka hata baada ya saa tatu za kusoma. Hayo yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na programu yake ya kusomea, maana kifaa cha kusomea na kuandikia hununuliwa kwa ajili ya kile kinachobaki baada ya kusoma, nacho ndicho programu hii inachokichezea.

Chanzo cha tatizo ni hiki. Faili la PDF lina kurasa zilizogandishwa, kila herufi ikiwa imepewa mahali pake maalumu, kwa hiyo ukichora mstari chini ya neno, mstari huo hauna pa kwenda. EPUB, aina ya faili la kitabu cha kielektroniki kama hiki nilichokifungua, kinyume chake, kwa kawaida haina ukurasa; ni maandishi yanayojipanga upya kila unapobadilisha fonti, pambizo au nafasi kati ya mistari. Mwandiko wa kalamu nao ni mfululizo wa nukta tu. Programu ikihifadhi nukta hizo kwa kuangalia mahali zilipo kwenye skrini, bila kuzifunga kwenye sentensi husika, matokeo yake ndiyo haya mliyoyaona.

Narudia jaribio, safari hii nikipunguza herufi badala ya kuziongeza, ili msidhani nimechagua mfano mbaya kwa makusudi. Aya imepanda juu, na "Mbona?" sasa iko kando ya kichwa cha sura, kana kwamba ninakipinga kitabu kizima. Nikirudisha fonti ilivyokuwa, kila kitu kinarejea mahali pake, jambo linalothibitisha kwamba programu inakumbuka skrini wala haikumbuki kitabu.

Ni haki kusema kwamba watengenezaji wengine nao wamehangaika na jambo hili. Kindle Scribe, kishikwambi cha Amazon cha kusomea na kuandikia, ilipotoka mwaka 2022 haikuruhusu kabisa kuandika moja kwa moja juu ya kurasa za vitabu vya kawaida. Ulipewa kijikaratasi cha kubandika, cha kwenye skrini, ukaandika humo, kikafungwa. Wakati ule niliucheka utaratibu huo, na leo nakiri kwamba nilikosea, kwa sababu kijikaratasi kile angalau kilijua kiliambatana na neno gani. Mwaka 2024 Amazon ikaleta mfumo inaouita Active Canvas, ambamo mwandiko hukaa ndani ya kisanduku na maandishi ya kitabu hujipanga kukizunguka. Kwangu kisanduku hakipendezi macho, lakini kama shabaha ni kutopoteza hoja, basi kinaizidi programu ya kifaa hiki ninachokishika.

Programu ninayoipenda, na hili halitawashangaza waliozoea chaneli hii, ni KOReader. Ni programu huria ya kusomea vitabu, haina malipo, nayo hufanya kazi kwenye visomeo vya Kobo na PocketBook na vifaa vya Android kama vile Boox. Kwenye Kindle hulazimu kwanza kuvunja kufuli za mtengenezaji, na hilo sitamshauri mtu anayeogopa kukiharibu kifaa chake. Hapa nimeikoleza sentensi ileile, yaani nimeiwekea alama ya kuiangazia, na kuandika "Mbona?" kwa kibodi ya skrini. Naongeza fonti, napunguza, nabadilisha pambizo, na mkolezo unaifuata sentensi kila iendako, kwa kuwa programu imehifadhi anwani ya sentensi ndani ya muundo wa kitabu. Kasoro yake kubwa ni kwamba si programu ya mwandiko. Anayefikiri kwa kuchora mishale na viduara hatatosheka nayo, na kibodi kwenye skrini ya aina hii huchosha mno, kila herufi ikichelewa kidogo na kuacha kivuli.

Kuna jambo jingine lililoniudhi, nalo sikulitarajia. Nilikuwa na PDF moja yenye maandishi yangu ya siku nyingi, nikalibadilisha jina faili hilo kwenye kompyuta na kulirudisha kifaani. Lilifunguka likiwa jeupe kabisa, bila hata alama moja. Maandishi hayakufutika, ila programu ya kishikwambi ilikuwa imeyaweka katika hifadhi yake ya pembeni, ikiyatambua kwa jina la zamani, na nilipolirejesha jina hilo yakatokea yote. KOReader nayo huweka kumbukumbu zake kando, lakini kwenye folda iliyo jirani na kitabu, unayoweza kuiona na kuihamisha, na ukitaka inaweza kuiandika mikolezo ndani ya PDF yenyewe.

Kuhusu gharama, nitasema neno moja tu: kabla ya kulipia, angalieni kama kalamu inauzwa ndani ya boksi, na kama kuyatoa maandishi yenu kunahitaji usajili wa kila mwezi. Nimekerwa sana na wazo la kulipia ruhusa ya kuuchukua mwandiko wangu mwenyewe.

Kipindi kijacho kitahusu njia za kuitoa mikolezo na kuipeleka kwenye kompyuta, kama wengi mlivyoomba. Kishikwambi hiki sikirudishi dukani kwa sasa, kwa sababu kwenye PDF kalamu yake inateleza vizuri kuliko zote nilizowahi kushika. Kitabu hiki cha EPUB, hata hivyo, nimekirudishia fonti yake ndogo ya mwanzo, na sitaigusa hadi nifike sura ya mwisho, hata kama itanibidi kuvaa miwani.