Darasa la lishe kwa wahamiaji: maziwa kwa lazima

Nilisema ningoje hasira zipoe ndipo niandike, lakini hazipoi. Darasa hili nililoelekezwa na kliniki ni la bure, mkalimani yupo, na wenye watoto wadogo wametengewa mahali pa kuwaacha. Hayo siyabezi. Mimi nina neno na maziwa.

Ukutani kuna bango la ile sahani iliyochukua nafasi ya piramidi ya vyakula kule Marekani mwaka 2011: nusu matunda na mboga, nusu nafaka na protini, na pembeni maziwa. Mtaalamu wa lishe akatugawia karatasi, vikombe vitatu kwa siku, kila mtu mzima. Nikanyoosha mkono nikamweleza kwamba maziwa yananivuruga tumbo, najaa gesi, naharisha. Hakuniuliza hata swali moja. Alikunja uso, akamgeukia mkalimani: "Hawa wageni hawataki kubadilika." Mkalimani aliinamisha kichwa, akanyamaza. Nilikuwa nimeshasikia.

Kubadilika nini? Zaidi ya nusu ya watu wazima duniani, utumbo wao hautengenezi kimeng'enya cha kutosha kusaga sukari ya maziwa. Huo ni mwili, si ukaidi! Tena mwongozo ule ule wa bango lake unayahesabu maziwa yaliyoondolewa laktosi, yaani hiyo sukari yake, na hata ya soya yaliyoongezewa kalsiamu na vitamini A na D, katika kundi hilo hilo la maziwa. Mtindi nao umo, na wengi wenye shida hii unawakubali. Sentensi moja tu ingetosha.

Mjamzito aliyekaa jirani yangu aliikunja karatasi yake ikawa kidogo kama stempu, akaisukumiza ndani ya pochi, akaninong'oneza kwamba naye yanamsumbua. Sijamwona tena darasani. Huyo ndiye anayeniuma, maana yeye na mtoto tumboni ndio waliohitaji kuambiwa kalsiamu waitoe wapi.

Nilitaka niwaambie msiende kabisa. Ila kipindi cha mapishi kina mwalimu mwingine, mhamiaji kama sisi, na yule dada anajua kazi. Anaanza kwa kuuliza nyumbani mnakula nini na nani anapika, kisha anapunguza chumvi na mafuta kwenye chakula hicho hicho chenu. Ndiye aliyetufundisha kusoma lebo: kwanza tazama kiasi wanachokiita mlo mmoja, ndipo utazame sukari, kwa sababu pakiti unayoimaliza peke yako kwa hesabu yao inaweza kuwa ya milo mitatu. Mume wangu ana kisukari, na hilo tu limebadilisha manunuzi yetu yote.

Basi nendeni, kwa ajili yake. Nampa nyota nne. Darasa zima lakini nalipatia nyota mbili, na zitabaki mbili mpaka ile karatasi ya vikombe vitatu iandikwe upya na yule bibi ajifunze kumtazama mtu anayemsema.